Matundu Manane Tuliyoyaziba



 Mara nyingi tunaposoma kurasa kama hizi tunakuta habari za harusi, za misiba, za watoto waliofaulu mitihani. Sisi leo tunakuja na habari ya mdudu. Msicheke. Mdudu huyu ndiye aliyetufanya tumwombe radhi mtoto wetu wa kumzaa, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya wala kuliona likifanywa na wazazi wetu.

Kwanza tujieleze. Sisi ni familia ya watu saba: baba, mama, watoto wanne, na Bibi, yaani mama mzazi wa baba. Kwetu ni Uvira, mashariki ya Kongo. Tulikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na mwaka 2013 tukapelekwa Nyuzilandi. Wiki 6 za kwanza tulikaa kituo cha wakimbizi cha Mangere, Auckland, tukifundishwa mambo ya nchi ngeni. Kisha tukapata nyumba ya kupanga pembeni mwa mji wa Hamilton. Mji ule umekatwakatwa na makorongo yenye vijito na miti, na korongo moja linapita nyuma ya nyumba yetu. Ukingoni mwake, ndani ya ua wetu, umesimama mti mmoja mkubwa.

Mti wa Bibi

Siku ya kwanza tu Bibi aliuzunguka mti ule, akavunja kijitawi, akahesabu majani yake. Vijani vitano vimetoka mahali pamoja kama vidole vya mkono. Akasema, "Huu ni mfuu."

Tukacheka. Mfuu utafika vipi huku mwisho wa dunia? Lakini Bibi alizaliwa Ujiji kabla ya kuolewa ng'ambo ya ziwa, na utotoni alikula fuu mpaka ulimi ukawa mweusi. Akashikilia neno lake. Miaka ikapita, mtoto wetu wa pili akalileta jibu kutoka shule: mti ule huitwa puriri, na wataalamu wa mimea wameuweka ukoo mmoja na mfuu wetu, ukoo wa Vitex. Bibi alikuwa sahihi, sisi ndio tuliokuwa wajinga. Tofauti ni kwamba matunda ya puriri ni mekundu, nayo ni chakula cha ndege, hasa njiwa wakubwa wa kule. Bibi aliyaonja akatema. "Ndugu yake yupo, lakini amekosa malezi," akasema.

Mbao ya puriri ni ngumu mno. Wazungu walipoingia nchi ile waliikata kwa ajili ya mataruma ya reli na nguzo za uzio. Lakini sisi tulichokiona kwenye shina lake siku zote ni ugonjwa. Kulikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, ukubwa wa kiganja cha mtoto, yamebandikwa kwenye gome kama viraka. Ukigusa, unaona si gome, ni utando wa hariri uliochanganywa na unga wa mbao. Ukibandua, chini yake kuna tundu la mviringo, kidole cha mtu mzima kinaingia. Tukahesabu madoa 12. Wote wawili tukasema: mti huu unaliwa, na siku ukianguka utaangukia nyumba.

Mtoto wa chumbani

Sasa tuseme habari ya huyo mtoto wetu wa pili. Tulipofika alikuwa na miaka 7, mchangamfu, msema hovyo. Alipofika miaka 13 akanyamaza. Akirudi shule anasalimia, anakula, anaingia chumbani, anafunga mlango. Ukimwuliza, "Vipi masomo?" anajibu, "Salama." Ukimwuliza, "Una tatizo?" anajibu, "Hapana." Jioni nyingine anatoka kwa mlango wa nyuma na tochi, anakaa gizani nusu saa, anarudi.

Wazazi wenzetu mlio ugenini mnajua hofu ile. Tulisikia habari za vijana wa watu walioharibikiwa, tukawa tunalinganisha. Tukapekua mfuko wake, hatukukuta kitu. Tukamgombeza bila kosa. Usiku tulinong'onezana kitandani, huyu akimlaumu yule kwa kumdekeza, yule akimlaumu huyu kwa ukali. Bibi peke yake hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akimwita "mume wangu" kama kawaida ya mabibi, na alisema, "Mwacheni mume wangu. Ana kazi yake."

Hatukumwuliza ni kazi gani.

Siku ya saruji

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti 2022, mwisho wa baridi ya kule. Upepo ulikuwa umevunja tawi usiku. Tukaamua kuutibu mti. Baba alichukua mafuta ya taa na kisu, mama akachanganya saruji kidogo kwenye ndoo. Tukaanza chini kwenda juu: kubandua utando, kumimina mafuta, kuziba kwa saruji, kulainisha kwa kidole. Tundu la kwanza mpaka la tano tulifanya hivyo. Mafuta yakatuishia. La sita, la saba na la nane tukaziba kwa saruji tupu. Manne yaliyobaki yalikuwa juu, ngazi yetu haikufika. Tukanawa mikono, tukaridhika. Tulijiona watu wa maana.

Adhuhuri mtoto alirudi kutoka mazoezi ya mpira. Akatazama mti. Hakusema neno. Akaingia chumbani, akatoka na daftari la shule, lile la mistari, pembe zake zimekunjika. Akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akafungua, akaanza kuandika.

Mama akamsogelea, akatazama juu ya bega lake. Kulikuwa na picha ya shina la mti wetu, imechorwa kwa penseli, na kila tundu lina namba, 1 hadi 12. Kurasa zilizofuata, kila namba ina orodha yake ya tarehe, kuanzia 2019. "Utando mpya." "Utando umepanuka." "Mvua kubwa, hakuna mabadiliko." "Saa 4 usiku, nimemwona kichwa." Miaka mitatu. Na sasa alikuwa akiandika tarehe ya siku ile mbele ya namba nane, moja baada ya nyingine, bila kusema lolote.

Wasomaji, angelia ingekuwa rahisi. Angepiga kelele tungejua la kujibu, maana kelele za watoto tumezizoea. Ule utulivu ndio uliotumaliza.

Baba akauliza, "Mwanangu, humo ndani mna nini?"

Akajibu, "Wamo wenyewe, Baba."

Akachukua kisu cha jikoni akaenda kwenye mti. Saruji ilikuwa bado mbichi. Akaanza kuichokoa taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Baba akasimama naye, hakujua kama asaidie au aondoke, mwishowe akashika ile ndoo tu. Ikawa mpaka jua linakaribia kuzama.

Aliyemo ndani

Usiku ule ndipo tuliposikia habari yenyewe, na tunaileta kama tulivyofundishwa, maana tangu hapo tumejionea mengi kwa macho.

Aliyemo ndani ya tundu ni kiwavi wa nondo. Kwa Kimaori nondo huyo huitwa pepetuna. Wataalamu wamempa jina la Aenetus virescens, na Mwingereza Edward Doubleday ndiye aliyemwandika kitabuni mwaka 1843. Anapatikana Nyuzilandi peke yake, tena katika kisiwa cha kaskazini tu. Ndiye nondo mkubwa kuliko wote nchini: jike akikunjua mabawa anaweza kufika sentimita 15, upana wa kiganja kilichokunjuliwa.

Jamii yake Waingereza huiita nondo mizimu. Jina limetokana na ndugu yao mmoja wa Ulaya, ambaye dume lake ni jeupe, na jioni za kiangazi huninginia hewani juu ya majani, likiyumba palepale bila kwenda mbele wala nyuma. Ukilikuta gizani unaweza kutimua mbio.

Maisha ya huyu wa kwetu huanza chini. Jike huangusha mayai yake akiwa anaruka, hadi kufika 2,000, bila kuchagua mahali. Viwavi wakianguliwa huishi kwanza kwenye majani makavu na magogo yaliyooza, chakula chao ni kuvu wanaoota kwenye mbao iliyokufa. Miezi ikipita ndipo kiwavi hupanda mti ulio hai na kuanza kuchimba. Huingia ndani kidogo kwa usawa, kisha hugeuka na kuteremka wima, ukipasua mbao unaona umbo la namba 7. Mlangoni hushona utando wa hariri, akaupaka unga wa mbao na vipande vya gome, mpaka mpita njia asiujue.

Baba akauliza swali lililokuwa likimkera: "Sasa huyo si anaula mti?"

"Hapana, Baba. Hali mbao. Mbao anachimba nyumba tu."

Anakula nini basi? Hapa ndipo tulipoketi vizuri. Mti ukijeruhiwa hujitibu: pembeni mwa kidonda huota nyama laini ya kufunga jeraha, kama ngozi ya mtu inavyofanya. Kiwavi hutoka usiku, akiwa chini ya ule utando wake, akala ile nyama ya kovu. Asubuhi mti unaota tena, usiku anakula tena. Mti hauwezi kuufunga mlango wake, naye hana haja ya kuutafuna mti mzima. Mti mchanga na mwembamba unaweza kuvunjika na upepo mahali palipotobolewa, lakini mzee kama wetu anaishi nao bila taabu.

Na hukaa humo miaka. Wengine hufika mitano au sita, gizani, mpaka kiwavi anakuwa na urefu wa karibu sentimita 10. Baada ya hapo hugeuka pupa mlemle ndani, na miezi baadaye, usiku mmoja wa majira ya kuchipua, hutoka akiwa na mabawa ya kijani. Hapo maisha yake yamebaki siku mbili hivi. Hali kitu, maana hana mdomo wa kulia. Akiba aliyoiweka gizani ndiyo inayomrusha.

Bibi aliposikia kwamba hali wala hanywi akauliza, "Kumbe amefunga?"

Kijana wetu akacheka. Hatukukumbuka mara ya mwisho tulipomsikia akicheka. Akasema kwa saa nzima usiku ule, na sisi tuliomwita bubu tukakaa kama wanafunzi. Tulijua sasa alikuwa akienda wapi na tochi.

Radhi

Kulipokucha tulikuwa na deni. Sisi tumelelewa kwamba mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi. Tulishauriana baada ya sala ya alfajiri, tukaona lakini kosa halina umri. Tukamwita sebuleni. Baba akasema, "Mwanangu, tumeua vitu ulivyovitunza miaka mitatu, na hatukukuuliza. Na si vile tu. Tumekuhukumu wewe mwenyewe bila kukuuliza. Utusamehe."

Alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi sikuwaambia. Nilidhani mtasema ni mchezo wa kitoto."

Na kweli, wasomaji, tungesema hivyo.

Namba 1 hadi 5, zile za mafuta ya taa, hazikurudisha utando tena. Tulingoja wiki, tukangoja mwezi. Namba 6, 7 na 8, ambazo saruji ilichokolewa mapema, usiku wa tatu zilikuwa na nyuzi nyembamba za hariri mlangoni, na baada ya siku chache viraka vikarudi kama zamani. Yule aliyebomolewa nyumba hakuhama. Alianza upya palepale.

Mwezi wa Oktoba, baada ya Isha, Bibi alipiga ukelele jikoni. Kwenye kioo cha dirisha, mahali taa inapoangaza, alikuwa amening'inia mdudu ambaye hatujawahi kumwona mfano wake. Kijani kama jani la mgomba linalochipua, mabawa ya mbele yana michirizi myeupe kama mtu aliyefuata kalamu. Kwetu nondo mkubwa akiingia ndani usiku wapo wanaosema ni mgeni anakuja, na wapo wanaosema mabaya zaidi, na Bibi alikwishaanza kusoma anachosoma akiogopa. Kijana akazima taa, akamweka kwenye kiganja, akamsogeza karibu. "Bibi, huyu ni dume. Wa kike ni mkubwa zaidi, na madoa yake ni meusi meusi. Huyu ametoka namba 11. Nilikuwa namngoja."

Bibi akanyoosha kidole chake kilichopinda, akamgusa mguu. Nondo hakuruka. "Miaka yote hiyo gizani," akasema, "kwa siku mbili."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi mpeleke nje asipoteze muda."

Wakatoka wawili. Taa za nyumba yetu tangu siku hiyo, ifikapo majira hayo, tunazizima mapema, maana mwanga huwapotosha, na paka na bundi hungoja hapo hapo.

Jirani yetu, mzee wa Kimaori, tulipomsimulia alitutazama kwa upole. Akasema wazee wake walimwona nondo huyu kama mgeni kutoka kwa waliotangulia, anayekuja kuwatazama wajukuu. Sisi imani yetu ni nyingine, na tulimwambia hivyo kwa adabu. Lakini tulikubaliana naye jambo moja: si mdudu wa kupigwa kandambili.

Tulichobaki nacho

Matundu yale matano bado yapo. Mti umeanza kuyafunga. Kwa kuwa hapana tena anayekula kovu, gome linasogea kila mwaka, kama mdomo unaofumba. Namba 1 imekwisha kufumba kabisa. Kila tunapoanika nguo tunaiona. Hatuifurahii, na hatutaki kuisahau.

Namba 3 kijana aliichokoa mpaka mwisho ili ibaki wazi. Siku moja mdogo wake alimulika tochi akarudi mbio: mna mdudu mwingine, wa kahawia, ana miguu ya miiba na hana mabawa, anafanana na chenene mkubwa. Ni weta. Wadudu hao hawana uwezo wa kuchimba mbao ngumu kama ile, kwa hiyo hungoja nyumba za pepetuna zilizoachwa. Upo hata mti mmoja wa kule ambao Wamaori wameupa jina la putaputaweta kwa sababu ya weta wanaotoka katika matundu yake. Basi alichokichimba yule tuliyemuua, mwingine amekirithi. Hilo halifuti kosa letu, ila lilimfurahisha mtoto, na sisi tulifurahi kumwona akifurahi.

Wazazi wenzetu, hatuna elimu ya kuwafundisha kulea. Tunasema tu yaliyotupata. Mlango uliofungwa si lazima nyuma yake kuna uharibifu. Huenda kuna mtu anakua kwa namna ambayo macho yetu hayaioni. Bisha hodi. Uliza. Na ukiuliza, ngoja jibu, hata likichukua jioni nzima. Sisi tulikuwa hodari wa kuuliza "vipi masomo" na wazito wa kuuliza "unaandika nini".

Nanyi wanafunzi, ikiwa mna daftari lenu la siri, la nyota, la ndege, la hesabu au la wadudu, siku moja mfungulieni mzazi ukurasa mmoja. Huenda hataelewa mara ya kwanza. Lakini ni heri ajue kabla hajachanganya saruji.

Bibi anawasalimu nyote. Bado anashikilia kwamba mti wetu ni mfuu, na kwamba tatizo lake ni malezi.